Kazi Niliyopewa Mwambani

Swali ninaloulizwa kuliko yote, tena na watu wanaonipenda, ni hili: kama kazi hii umepewa na Mwenyezi Mungu kweli, mbona haiendi? Nimeulizwa nje ya msikiti baada ya Ijumaa, nimeulizwa barazani, nimeulizwa na mama mkwe wangu mbele ya sinia la wali. Hawana ubaya. Wanamwona mtu aliyesoma hadi kidato cha sita, mwenye mke na watoto, anayefundisha chuo cha Kurani kila alasiri, halafu muda uliobaki anaumalizia kwenye ukatibu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kulinda bahari, kazi isiyo na mshahara, akikorofishana na jamaa zake kwa ajili ya mawe yaliyo chini ya maji. Nimeona nijibu kwa kirefu mara moja, maana najua siulizwi peke yangu. Yupo muuguzi wa zahanati ya mbali anaulizwa hivi hivi na ndugu zake. Yupo mama anayelea mayatima anaulizwa kila kodi ya nyumba ikifika.

Kwetu ni kusini mwa mji wa Tanga, upande wa Mtang'ata, kule ambako barabara ya Pangani inapita kwenye minazi na mkonge. Ukisimama ufukweni unakiona Kisiwa cha Karange, na siku za bamvua maji yakitoka sana unaona mwamba umejitokeza, mpana, wa rangi ya kahawia, na wanawake wameshatangulia na vijiti vyao kuchokoa pweza. Mwamba huo ndio uliowalisha wazee wetu. Babu yangu alikuwa mtu wa madema na mshipi. Alikuwa na ngalawa moja, na kila jabali la chini ya maji alilijua kwa jina lake: hapa pana changu, hapa chewa hukaa shimoni, hapa tasi huja kusi likitulia. Mengine ya majina hayo yamebaki kwangu na kwa wazee wachache.

Baruti imekuwa ikitumika kuvulia samaki pwani hii tangu miaka ya 1960, na sheria ya uvuvi inaikataza waziwazi. Lakini nilipokuwa mtu mzima mlipuko ulikuwa umeshakuwa sauti ya kawaida ya asubuhi. Mtoto mdogo aliweza kukwambia hii ni radi na hii ni baruti.

Samaki wa baruti namjua kwa mkono. Mshike changu wa mshipi kwa kichwa umnyanyue, mwili unasimama. Wa baruti analegea, anajikunja, uti wa mgongo umevunjika. Ukimpasua unakuta damu imevilia kando ya mfupa, kibofu cha hewa kimepasuka, na nyama inaachana na miiba kabla ya kuguswa na moto. Na huyo ndiye aliyeelea. Wengi, kibofu kikishapasuka, huzama wakaoza huko chini bila kumfaa mtu.

Hata hivyo samaki si hasara kubwa. Hasara kubwa ni nyumba yake. Mwamba wetu umejengwa na matumbawe, na tumbawe gumu la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Ya matawi hukua haraka zaidi. Chupa moja yenye utambi inabomoa kwa kufumba na kufumbua kitu kilichoanza kujengwa kabla babu yangu hajazaliwa. Kisha vile vipande vilivyovunjika havitulii. Mawimbi yanavisukuma huku na huku, na vichanga vya matumbawe vinavyoelea majini vikitafuta pa kushika havipati mahali palipotulia. Ndiyo maana mwamba uliopigwa sana unaweza kukaa miaka na miaka haujarudi, hata baruti ikiwa imekoma. Nimezama mahali ambapo babu alipaita kwa jina la chewa. Nimekuta kifusi.

Sasa, umejuaje kuwa ni Mungu aliyekutuma? Hili nalo huulizwa, na ni swali la haki. Sikuota ndoto. Watu wa pwani tumezoea kuswali istikhara kisha tukalala tukingoja kuonyeshwa, ilhali dua yenyewe haiombi ndoto. Inaomba kwamba jambo hili likiwa na kheri na dini yangu na maisha yangu, unijaalie na unirahisishie, na likiwa na shari uliepushe nami. Niliswali rakaa mbili, nikalala, nikaamka bila ndoto yoyote, na mlipuko ukasikika mwambani kama jana yake.

Kilichonisimamisha ni somo la fiqhi ambalo kila mtoto wa chuo analijua: fardhi kifaya. Maiti akiwapo mjini, lazima aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Wakilifanya baadhi ya watu, wote wamesalimika. Asipolifanya mtu, wote wana dhambi. Nikajiuliza: kijijini kwetu nani atausemea mwamba? Nani anaweza kuisoma sheria na kuandika barua ya wilayani? Nani wazazi wamemkabidhi watoto wao? Nani bado anayajua majina ya majabali? Kila nilipowapanga watu kichwani, nilijikuta nimebaki mimi. Na ninawafundisha watoto ile aya ya Sura ya Rum, kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Nitaifasiri vipi kila mwaka, na mlipuko unasikika dirishani, kisha nifunge msahafu niende zangu nyumbani?

Naamini wengi wetu tunaukosa wito wetu kwa kuungoja uje kwa kishindo. Mungu akikuweka mahali, akakupa ujuzi ambao wenzako hawana, akakutia moyoni uchungu usioisha kwa kulala, basi ameshasema. Hiyo ndiyo imani yangu, na sijaona sababu ya kuiacha.

Lakini kusema ndiyo hakukuleta wepesi niliouomba. Mkutano wetu wa mwanzo walikuja wazee na wanawake wa pweza. Vijana walikaa kijiweni ng'ambo ya barabara wakitutazama. Nyavu zangu zilikatwa usiku. Boti ya doria ilikuwapo ila mara nyingi mafuta hayakuwapo, na waliokamatwa tuliwaona wamerudi kijiweni kabla wiki haijaisha, wakitusalimu kwa sauti ya juu ili tujue wamerudi. Mwaka 2009 ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za madinosaria, mpaka akaonekana hai Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kwetu Tanga alikuwa ameanza kunaswa kwenye majarife ya maji marefu, watu wakapata neno jipya la kunirushia. Ustadh kanunuliwa na wazungu wa silikanti. Neno hilo liliwafuata hadi watoto wangu shuleni.

Yote hayo niliyabeba. Lililonielemea ni la ami yangu.

Ami ni mdogo wake marehemu baba, na ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Nilikuja kujua ukubwani kwamba mojawapo ya boti zake ilikuwa ikibeba chupa. Siku moja aliniita nyumbani kwake chakula cha mchana. Paliletwa wali wa nazi, mchicha, na changu wa kupaka, mzuri kwa macho, nazi imemganda mgongoni. Niliponyoosha mkono na kumgusa, nyama ikaachana na mfupa yenyewe, na kando ya mfupa pale palikuwa peusi. Ami alikuwa ananitazama. Hakujificha. Akaniambia, "Kula, mwanangu. Na ada yako ilitoka humu humu."

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwambia, "Ami, wema wako siwezi kuulipa, na dua yangu kwako haitakatika. Lakini samaki huyu simwezi." Nikala wali kwa mchicha. Hatukusemezana kwa muda mrefu baada ya hapo, ila salamu. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, basi.

Usiku ule nilikaa na Sura ya Hud. Kisa cha Nabii Nuhu nimekifundisha mara nyingi, lakini sikuwahi kukisoma nikiwa na ugomvi na mtu wa damu yangu. Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini. Aliwaita usiku na mchana, waziwazi na kwa siri, wakatia vidole masikioni na kujigubika nguo zao. Alipokuwa anaunda jahazi, kila kundi la wakubwa lilipompitia lilimcheka. Na baada ya miaka yote hiyo, Kurani inasema hawakuamini pamoja naye ila wachache tu. Mwanawe alikataa kupanda. Alisema atajihami mlimani, wimbi likapita kati yake na baba yake.

Sasa chukua kipimo cha wanaoniuliza, kwamba jambo la Mungu huonekana kwa kufanikiwa kwake, ukipeleke kwa Nuhu. Mahudhurio machache, mke kakataa, mtoto kakataa, mji mzima unamcheka. Kwa kipimo hicho Nuhu angeambiwa aache mapema kabisa, na angeambiwa hivyo na watu wenye nia njema. Lakini yeye ni miongoni mwa mitume watano wanaoitwa Ulul-Azm, wenye azma kubwa. Heshima hiyo hakuipata kwa idadi ya waliopanda jahazini.

Na hata Mtume wetu (s.a.w.) hakuambiwa awageuze watu. Katika Sura ya Ghashiya ameambiwa akumbushe, kwa kuwa yeye ni mkumbushaji, si mwenye kuwatawala. Aya hii huipumzisha sana roho yangu. Inanionyesha mpaka wa kazi yangu. Nimepewa kukumbusha, kulinda, kufundisha. Sijapewa moyo wa ami niufungue kwa ufunguo.

Jirani yangu mmoja ni Mkristo, fundi wa mashine za boti, na yeye ana kisa chake anachonipa kila akiniona nimeinama. Yeremia, anasema, alinunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17 za fedha wakati jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu na yeye mwenyewe kafungwa katika ua wa walinzi. Mji unakwenda kuanguka, na yeye mwenyewe ndiye aliyetabiri kuwa utaanguka. Akatia saini mbele ya mashahidi, akaamuru hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Sisi Waislamu hatukisomi kisa hicho katika kitabu chetu, lakini nimemwambia fundi kwamba nakipenda. Nakipenda kwa ile hati. Mtu anaamini ahadi ya Mungu mpaka anaita mashahidi, anapima fedha kwenye mizani, anahifadhi karatasi.

Kisa ninachokiogopa ni cha Nabii Yunus. Aliondoka kwa hasira, amechoshwa na watu wake, akapanda jahazi lililosheheni, na yaliyobaki tunayajua, kwa kuwa kila mvuvi wa Tanga ameshawahi kuisoma dua yake bahari ilipochafuka. Tunayoyataja kwa uchache ni ya nyuma yake, kule alikotoka. Watu wale aliowakatia tamaa waliamini. Mji mzima, laki moja au zaidi. Kwa hiyo alipowatazama mara ya mwisho akaona hawafai, hakuwa anaona kilichokuwa kinakuja ndani ya nyoyo zao. Tangu nimelielewa hilo sijathubutu kumtazama mtu wa kijijini kwetu nikasema huyu amekwisha, hata wale waliokata nyavu zangu.

Kisha, karibu na mwaka 2018, serikali ilipounganisha vyombo vyake na kuwafuata hadi wanaosambaza baruti, milipuko ikapungua mno pwani yote. Kwetu asubuhi zikapita hatusikii kitu, na wiki zikapita. Watu wakaniambia, umeona, kilichotakiwa ni askari, si darasa zako. Sikubishana nao. Askari walitakiwa, na tulikuwa tumewaandikia barua miaka mingi tukiwaomba. Sehemu yangu katika hilo ni kiasi gani, anayejua ni Allah, na mimi sijaitafuta. Ninalolijua ni kwamba kipindi kile cha giza walikuwapo vijana wanne watano waliokataa kupanda boti za chupa, wakabaki na mishipi yao na umaskini wao, na wote walipita chuoni kwangu.

Ami aliiuza ile boti. Hakutubu mbele yangu, na sitamsingizia toba asiyoitamka. Aliniambia tu kwamba baruti imekuwa ghali na jela imekuwa karibu. Lakini mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa mwenye maswali yasiyoisha, ndiye anayenitangulia mwambani bamvua ikifika.

Nilidhani baada ya hapo ni kulea tu majeraha yapone. Halafu likaja joto. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi na mwani mdogo sana ndani ya miili yao. Mwani huo ndio unaowapa sehemu kubwa ya chakula, na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida kwa wiki kadhaa, wanautema, na mwamba unageuka mweupe. Joto likiendelea, wanakufa. Ilitokea vibaya mwaka 1998 katika bahari yetu yote hii ya Hindi, ikatokea tena 2016, na ikaja tena 2024. Mwaka huo tulizama na vijana mahali ambapo baruti haijasikika kwa miaka, mahali palipokuwa panarudi vizuri, matawi mapya ya urefu wa kiganja. Palikuwa peupe.

Nakiri siku hiyo niliumia kuliko nilipokatiwa nyavu. Mkata nyavu ana jina, ana mama, unaweza kwenda kukaa naye ukazungumza. Joto la bahari linatoka kwenye moshi wa nchi ambazo sitazikanyaga, na hakuna baraza la kijiji linaloweza kuliita. Yule mtoto wa miaka tisa aliuliza, "Ustadh, sasa tunalinda nini?"

Nilimjibu kwa hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema, Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Mtoto akafikiri, akaniambia, "Lakini hautazaa." Ndiyo, hautazaa. Mtende huchukua miaka kuzaa, na hapo hakuna hata siku. Aliyeamrisha anajua hayo, na bado ameamrisha. Kwa hiyo kuna jambo katika kupanda ambalo Mungu analitaka lenyewe kwa lenyewe, mbali na tende. Sijafika mwisho wa hadithi hii, wala sidhani nitafika. Ila ndiyo jibu langu kwa mama mkwe wangu, na kwa wa barazani, na kwa yule muuguzi: hali niliyonayo inanionyesha namna ya kufanya kazi yangu leo, haina mamlaka ya kuniambia kama nilitumwa.

Na palepale peupe hapakufa pote. Yale matumbawe ya mviringo mengi yalirudisha rangi. Ya matawi tulipoteza mengi.

Hivi karibuni wanawake wa pweza walileta wazo ambalo limeshajaribiwa Madagaska na sehemu nyingine za pwani yetu: tufunge kipande cha mwamba kwa miezi michache asiguse mtu. Pweza hukua haraka mno, na jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, akayalinda mayai bila kula mpaka yaangue, kisha akafa. Ukimchokoa shimoni kabla hayajaangua, umeondoka na maelfu. Tulikubaliana, tukafunga, tukaweka maboya. Wiki chache kabla ya siku ya kufungua, watu wakaingia usiku na taa wakachokoa karibu kila shimo. Walikuwa watu wa hapa hapa.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito. Wapo waliosema tuache, mwaka wa tabu umetosha. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema, Nuhu na mtende na vyote hivi nilivyoandika hapa, lakini sikupata nafasi ya kuyatumia. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, ambaye amechokoa pweza tangu kabla ya uhuru na aliyekuwapo kwenye ule mkutano wetu wa mwanzo, alisimama akakaza kanga yake, akasema, "Sisi tunafunga tena. Ustadh, shika kalamu, andika zamu za kulinda usiku. Niandike mimi wa kwanza."

Nikamwandika. Wanawake kumi na mmoja wakafuata, kisha vijana wawili, kisha fundi wa mashine, aliyesema atatoa na tochi. Maboya yamerudi mwambani. Zamu yangu mimi ni usiku wa Jumatano.